Kijito Tulichokifagia

Nilipaswa kusema hapana. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai mkononi, akaniambia kwamba mgeni kutoka wilayani anakuja, kwa hiyo matete yote ya kijito yafyekwe, kingo zifagiliwe, na mahali pote pawe peupe. Hakunifokea wala hakunitisha. Aliongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Utasimamia, Mwalimu?" Nami nilijua matete yale yalikuwa na kazi gani kuliko mtu yeyote pale shuleni, isipokuwa mmoja. Nikajibu, "Sawa, Mwalimu Mkuu. Tutaanza leo."

Huyo mmoja siku hiyo alikuwa mjini Nzega, kwenye semina ya walimu. Ndiye aliyewafundisha watoto kukipenda kijito, na mimi nilikuwa nikisubiri kijito kinipatie yeye. Inabidi nianzie stesheni, maana pasipo stesheni hakuna kitakachoeleweka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipoitana ndugu hata tulipokuwa tunagombana. Shule yetu ilikuwa upande wa Kigwa, na ilikuwa na shamba, kuku na bustani ya vitunguu, ilikuwa na kila kitu isipokuwa madawati ya kutosha. Nyuma yake ilipita njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe ilikwisha kumezwa na majani, ikabaki mistari ya miembe isiyo na mwenyewe, ambayo watoto waliikwea bila kufikiri kwamba kokwa zake zilitupwa na watu waliokuwa na mizigo vichwani. Mimi ni Mnyamwezi wa hapo hapo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sijasomea ualimu hata siku moja, nikapewa chaki kwa sababu walimu walikuwa haba na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Siku moja Mwalimu Mkuu alinituma na baiskeli ya shule kwenda stesheni kumpokea mwalimu mpya, Mzaramo kutoka pwani. Kwa vijana wasiojua siku hizi, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, wakafika wamechoka, wakapokelewa, wakatukanana na wenyeji, wakauguzana, wakazikana, na katika hayo yote ukazaliwa undugu usiofanana na undugu mwingine. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za wakwe zako. Anaweza kumkamata kuku wako na kumla. Msibani anaweza kuingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka mumpe chochote. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Katika utani, mwenye kosa ni yule anayenuna.

Treni ilipofika akashuka mwanamke mfupi mwenye kitenge cha rangi ya papai na sanduku la bati. Kabla sijamaliza kumkaribisha aliniuliza kabila langu. Nilipomwambia, uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeokota kitu kilichopotea.

"Basi mzigo wako huo," akasema, akilisukuma sanduku kwa mguu. "Mimi nitakusaidia baiskeli."

Utani wake haukuwa wa maneno matupu. Nikajitwika sanduku, yeye akapanda baiskeli, tukashika njia. Sanduku lile lilikuwa zito kiasi kwamba niliamini amehama na mawe ya msingi wa nyumba yao. Kumbe zilikuwa nazi, kwa kuwa aliambiwa kwamba bara hakuna nazi na hakukusudia kufa. Alinifuata nyuma polepole akipiga kengele kila nilipopunguza mwendo. Tulipopita kijijini akina mama waliacha vinu vyao wakatoka kutazama, na mmoja akapiga kigelegele. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Walikuwa wamesikia habari za wapagazi kwa baba zao, na sasa walimwona mmoja kwa macho yao, amevaa tai.

Tulipofika nyumbani kwake nililipiza. Nililitua sanduku mlangoni, nikalikalia, nikakataa kuondoka mpaka nikombolewe. Hiyo ni haki ya mtani. Alinitukana ukoo mzima, akanipa nazi moja, na ndipo nikasimama. Kuanzia siku hiyo hatukuitana Mwalimu tena. Alikuwa Mtani, nami nilikuwa Mtani, na chumba cha walimu hakikujua utulivu. Nikila matobolwa, yale mapande makavu ya viazi vitamu ambayo sisi tumelelewa nayo, aliniuliza kama seremala amejua kwamba namaliza mbao zake. Naye akipika wali wa nazi nilifunga pua na kumwuliza ni lini alianza kupaka chakula mafuta ya nywele. Mwalimu Mkuu, mtu mpole aliyeogopa mambo mawili tu duniani, wageni na nyoka, alikuwa akitusikiliza huku akijifanya kusahihisha.

Sasa kijito. Kilianzia kwenye miombo, kikapita chini ya shamba la shule, kikaingia mbugani. Wakati wa masika kilikuwa na kelele na kiburi. Wakati wa kiangazi kilikatika vipande vipande, kikabaki dimbwi moja refu lililozungukwa na matete, na karibu kila mwaka dimbwi hilo nalo lilikauka wiki chache kabla ya mvua. Hapo kijiji kilianza kuchimba mchanga kutafuta maji. Wazee walisema misafara ilitua pale pale. Mtani aliposikia hivyo alisema kwamba ndiyo maana maji yana ladha ya jasho la babu zangu.

Alikuwa akifundisha sayansi darasa la tano. Wiki yake ya pili aliwachukua watoto wote mpaka kijitoni, akawauliza maji haya yanakwenda wapi. Mmoja akajibu kwa uhakika kwamba yanakwenda Dar es Salaam. Alipoulizwa sababu, alisema kila kitu kinachopita Kigwa kinakwenda Dar es Salaam. Mtani alicheka akakaa chini kwenye majani. Kisha akawaambia watoe viatu wenye viatu, wakakifuata kijito hadi njaa ilipowarudisha, na wakaona wenyewe kwamba kinakwenda upande jua linakozama. Jioni alichora ubaoni jinsi maji yale yanavyopokewa na mito mikubwa mpaka Ziwa Tanganyika. Kwa siku kadhaa watoto walikuwa wakisimama ukingoni na kuyaagiza maji yawasalimie watu wa Kigoma.

Baada ya hapo darasa lile halikukamatika. Walitaka kupima kina cha maji, kwa hiyo nilitumwa na baiskeli mpaka mjini kutafuta rangi ya kuchorea mistari kwenye fimbo. Rangi ilikuwa adimu kama sabuni. Katika duka moja la Kanyenye, mwenye duka, Mhindi mzee aliyezaliwa hapo hapo Tabora, alitoa kopo lililoganda nusu kutoka chini ya meza na kuniuliza ni la nyumba au la baiskeli. Nikamwambia ni la kupimia kijito. Aliingia ndani, akarudi na brashi pia. Tangu siku hiyo, kila nilipopita dukani kwake hakuniuliza hali ya nyumbani wala shamba. Aliuliza, "Kijito hakijambo?"

Fimbo ikapigiliwa dimbwini. Kila Jumatatu watoto waliisoma na kuandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji zilizobandikwa ukutani. Walihesabu pia vyura, jambo lililoleta ugomvi mkubwa, kwa kuwa nusu ya darasa waliamini kwamba wenzao wanamhesabu chura mmoja anayerukaruka. Nilishauri tuwapake vyura rangi iliyobaki. Mtani aliwaambia watoto wanisamehe, eti Mnyamwezi akiona kiumbe chochote hafikirii kitu ila jinsi ya kukitia alama na kukibebesha.

Wakatunga sheria. Ng'ombe wanywe upande mmoja tu, kule chini. Sabuni isiingie dimbwini. Matete yasikatwe, kwa sababu yanatia maji kivuli, yanashika udongo wa kingo, na yanazuia ng'ombe wasiteremke kila mahali. Maneno hayo ya matete niliyafundisha mimi mwenyewe, katika somo la kilimo, na watoto waliyakariri mpaka wazazi wao wakayachoka. Msichana mmoja wa darasa lile, mwembamba, mwenye sauti ya mzee wa baraza, siku moja alimkuta balozi wa nyumba kumi akiosha baiskeli yake dimbwini. Alimwamkia vizuri, shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwambia, "Ndugu balozi, hapa baiskeli haziogi." Balozi alikuwa baba yake mzazi. Alisukuma baiskeli yake kwenda juu, na jioni alikuja kulalamika kwa Mwalimu Mkuu kwamba mtoto wake amemwita ndugu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kupotea. Nilimpenda Mtani. Na hapo ndipo utani ulipokuwa mzigo wa kweli kuliko lile sanduku, maana utafanyaje uchumba na mtu ambaye kwake kila neno lako ni mzaha? Nilimwambia nataka kumwoa, akaniuliza nitambeba kichwani au mabegani. Nilimwambia tena mbele ya walimu, wakapiga makofi. Nilimwandalia maneno mazito, nikayasema bustanini, akaanguka kwenye vitunguu kwa kicheko. Mwishowe siku moja alasiri, tulipokuwa wawili dimbwini, yeye akisafisha fimbo ya kupimia, nilimwambia, "Mtani, sasa nasema bila utani."

Hakucheka. Aliendelea kuisugua fimbo kwa majani. Kisha akaniambia kwamba hataki kunijibu kwa mzaha, na kwamba kwao hawajui kama mimi ni mtu au hadithi anazowaandikia. "Tufanye hivi," akasema. "Dimbwi hili likifikia mvua za kwanza likiwa na maji, nitakujibu bila utani. Likikauka, tutaendelea kutukanana kama ndugu."

Nilimwuliza kijito kinahusiana vipi na ndoa. Alisema anataka kuona kama katika shule hii kuna kitu kinachoweza kutunzwa mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo hakuna mtu katika Tabora nzima aliyelipenda dimbwi kuliko mimi. Niliamka kabla ya kengele kwenda kulitazama. Nilifukuza ng'ombe wa watu kwa mbio ambazo hazikumpendeza mwalimu mwenye tai. Nilipanda matete mahali palipokuwa na mapengo, nikayamwagilia, mimi niliyekuwa nikiwaachia wanafunzi hata kumwagilia vitunguu. Nilianza kumchukia kulasitara mmoja, ndege wa miguu mirefu, aliyesimama dimbwini asubuhi nzima, kwa kuwa niliona anakunywa mno.

Kiangazi kilipokaza na mistari ya fimbo ikawa inaonekana mmoja baada ya mwingine, niliingiwa na hofu nikafanya upuuzi. Nilichota maji kwenye kisima kidogo cha shule kwa ndoo, adhuhuri moja watoto wakiwa wamekwenda kula, nikaenda kuyamimina dimbwini. Nilikuwa kwenye ndoo ya tatu au ya nne nilipomwona binti wa balozi amesimama kwenye matete. Hakunishtaki kwa sauti. Alisema tu kwamba sasa itabidi waandike kwenye karatasi ya saruji, maana kipimo cha wiki hiyo si cha haki. Wakaandika kweli, kwa herufi kubwa: MWALIMU ALIONGEZA. Mtani alipolisoma alikaa juu ya meza, akafuta machozi, akasema tangu dunia iumbwe ni Mnyamwezi peke yake anayeweza kuubebea mto maji.

Nilicheka naye. Nakumbuka nilivyorudi nyumbani siku ile nikipiga mluzi, nikiamini kwamba hakuna jambo, hata liwe baya kiasi gani, lisiloweza kuishia katika kicheko kati yangu na yule mwanamke. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kiangazi kilikuwa karibu kwisha. Mawingu yalikuwa yakikusanyika mchana na kutawanyika jioni. Dimbwi bado lilikuwa na maji yaliyofika magotini, jambo ambalo wazee walisema hawajaliona kwa miaka. Mtani akaitwa Nzega kwenye semina. Alipoondoka aliniachia fimbo na darasa, akaniambia nisiliongezee dimbwi maji. Na siku iliyofuata ndipo Mwalimu Mkuu alipotokea mlangoni na kikombe chake.

Alikuwa na sababu zake. Mgeni alikuwa akizungukia shule kuangalia kujitegemea na usafi, na matete kwa macho ya mgeni ni kichaka, na kichaka ni mbu, na mbu ni malaria, na ndani ya kichaka kuna nyoka. Katika shule zetu usafi maana yake ni udongo mtupu wenye mistari ya fagio. Kila asubuhi tulifagia uwanja mpaka jani moja likianguka lilionekana kama mwizi. Mwalimu Mkuu hakuona kwa nini kijito kisifagiliwe pia. Tena aliniambia kwa upole kwamba atanitaja kwa mgeni, kwamba ni wakati niende chuo cha ualimu nikapate cheti kama wenzangu.

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumpeleka mgeni dimbwini nikamwonyesha karatasi za saruji. Mwalimu Mkuu angenung'unika kidogo kisha angekubali, ndivyo alivyokuwa. Lakini nilifikiria cheti, nikafikiria mshahara wa mwalimu mwenye cheti, nikajiambia kwamba hata hilo nalifanya kwa ajili yake. Kuhusu hasira yake sikuhangaika. Nilisema moyoni: mimi ni mtani wake. Mtani akichukua chako unacheka. Nitamla kuku wake huyu, naye hana ruhusa ya kununa.

Watoto walikuja na mafyekeo na mafagio. Darasa la sita na la saba walianza mara moja, darasa la tano wakasimama. Binti wa balozi aliuliza, kwa adabu, "Mwalimu, si ulisema matete ndiyo yanashika ukingo?" Nikamjibu kwamba hata mwalimu hunyolewa nywele na kichwa hakianguki. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, lakini alichukua fagio.

Tulifanya kazi nzuri, hilo ni lazima nikiri. Tulifyeka mpaka chini, tukachoma, tukafagia majivu, tukafagia kingo zote mbili kwa mistari iliyonyooka, tukapanga mawe kuzunguka dimbwi na kuyapaka chokaa. Kijito kilionekana kama uwanja wa gwaride wenye unyevunyevu katikati. Vyura walikaa juu ya mawe meupe wakishangaa.

Mgeni alikuja, akaimbiwa, akala kuku wa shule. Alitembezwa kijitoni, akasimama muda wa mtu kuwasha sigara, akasema pamependeza sana, panafanana na bustani ya mjini. Mwalimu Mkuu alinitaja. Mgeni akanipa mkono, ambao bado ulikuwa na mafuta ya kuku, akasema nchi inahitaji vijana kama mimi. Gari lake likaondoka, na habari za chuo zikaondoka nalo. Sikuzisikia tena.

Jua la mwisho wa kiangazi lilikuwa halijawahi kuliona dimbwi lile uchi. Lilianza kulinywa. Ng'ombe nao, ambao kwa miezi walikuwa wakizuiwa na matete, wakagundua kwamba ua limeondolewa. Waliteremka kutoka kila upande, wakapindua mawe, wakakanyaga kingo mpaka zikawa tope. Niliwafukuza. Lakini mtu mmoja hawi ua.

Nilikwenda kumpokea Mtani stesheni na ile baiskeli. Alishuka akiwa na furaha, na njia nzima alinisimulia jinsi walimu wa Kisukuma walivyokoroma kwenye semina, akiuliza kama ni wao walioturithisha au ni sisi tuliowaambukiza. Mimi nilikuwa nikilirudia moyoni neno langu la utani, kama mtoto anayekwenda kusema shairi. Tulipofika juu ya kijito akasimama. Nikalisema. "Mtani, usiponiona na zawadi usishangae. Nimemnyoa mwanao."

Aliteremka polepole mpaka kwenye maji. Aliitazama fimbo. Aliyatazama mawe. Kisha akaniuliza ni nani alisema pafyekwe.

"Mwalimu Mkuu."

"Na nani alisema sawa?"

"Mimi," nikasema, na kwa kuwa bado hakucheka nikaongeza, "Mtani haruhusiwi kununa."

"Sijanuna, Mwalimu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ya treni.

Siku zilizofuata yeye na darasa la tano walikata miiba na kujenga boma kuzunguka kilichobaki. Nami nilikata miiba, nikachomwa mikono yote miwili, nikaibeba, na kila nilipoitua aliniambia, "Asante, Mwalimu." Mtani hasemi asante. Ningefurahi kama angenitukana. Nilijaribu kumchokoza kuhusu nazi, akatabasamu kama unavyotabasamu kwa mgeni asiyejua lugha. Chumba cha walimu kilikuwa kimya, hata Mwalimu Mkuu akawa anasahihisha kweli.

Dimbwi lilikauka. Vyura walikwenda sijui wapi. Watoto waliisoma fimbo kwa mara ya mwisho na kuandika kwamba hakuna cha kupima. Mvua ya kwanza ilikuja siku chache tu baadaye, siku chache ambazo maji yangezivumilia chini ya kivuli cha matete, na ilikuja kwa nguvu. Kingo tulizozifagia hazikuwa na mzizi wa kuzishika. Ziliporomoka ndani usiku na mchana, udongo na mchanga vikajaza pale palipokuwa na kina, na maji yalipopungua tulikuta mahali pamekuwa tambarare, papana, pekundu, na ncha ya fimbo imetokeza kidogo. Dimbwi halikurudi mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Nilikwenda kwake mvua ilipotulia. Sikuwa na haki ya kuuliza, maana sharti lilikwisha kuvunjika, lakini niliuliza. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, mambo ambayo mtani hafanyiwi.

"Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijaenda Nzega," akasema. "Jibu lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nangoja mvua tu."

Nilimwambia kwamba matete yataota tena, kwamba nitayapanda mwenyewe, kwamba lile lilikuwa kosa moja.

"Kufyeka ni kosa moja," akasema. "Lakini ulikuja na mzaha mkononi, umeuandaa. Ulijua nitaumia, ukajua pia kwamba mila inanizuia kusema. Mimi nikiingia kwenye nyumba yako, kila ukinikosea utaniambia nicheke. Nitacheka mpaka lini?"

Nilikunywa maji yangu, nikarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho, akaenda kufundisha pwani kwao. Alinipa mkono stesheni na kunitakia heri, na hakuna tusi hata moja lililopita kati yetu. Nilisikia baadaye kwamba ameolewa na mwalimu mwenzake. Mimi nilioa pia, nikapata watoto, na mke wangu alikuwa mtu mwema asiyestahili kulinganishwa na mtu, kwa hiyo simlinganishi. Chuo cha ualimu sikuingia kamwe. Kijiji kiliendelea kuchimba mchanga kila kiangazi, na miongoni mwa wanawake walioamka alfajiri kupanga foleni kwenye mashimo yale alikuwemo binti wa balozi, akiwa na mtoto mgongoni. Aliniamkia kila mara, shikamoo Mwalimu, na hakuwahi kunikumbusha. Hilo ni deni la kijiji, nalo ninalijua. Langu mimi mwenyewe ni hili: kwa kusema sawa asubuhi ile nilimpoteza mwanamke pekee niliyemtaka kwa moyo wote, aliyekuwa amekwisha kunikubali, na sikumwona tena, mpaka nikasikia amekufa.